Mazishi Hayaliwi Ukiwa Hai

Mwanangu Mhina,

Nakuandikia ukiwa chumba cha pili. Nasikia unavyokunja nguo na kuilazimisha zipu ya begi kwa hasira, na wewe bila shaka unasikia nilivyo kimya. Tangu mkutano wa chama wa Jumapili tumekuwa tukiongea kama wapangaji: chumvi iko wapi, maji yamechemka, lala salama. Leo hata ugali hukuumaliza. Nikisema nije nikueleze kwa mdomo nitapiga kelele, na wewe utanijibu kwa ile sauti yako ya chuo, halafu kesho utapanda basi tukiwa tumenuniana. Basi nimechukua kalamu. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, maana asubuhi huwezi kutoka bila kuvitafuta.

Herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Usicheke. Macho yangu yanakwenda, mwanangu. Nina mtoto wa jicho. La kulia limeshakuwa ukungu mtupu na la kushoto linafuata. Hukujua, kwa sababu nilikuficha. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya kila neno nililosema Jumapili, na wewe ukasimama mbele ya watu ukanishinda bila kujua unashindana na nini.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa huko Dar es Salaam, wala usimpe mtu simu yako pale stendi. Una akili, umesoma, umeajiriwa. Kampuni ya bima imekuchukua ukafanye utafiti: watu wanazeeka vipi, wanakula nini wakishaacha kazi, wanakufa wakiwa na umri gani. Mwezi mzima umezunguka na tableti yako, Mkata mpaka Vugiri, ukiwauliza wazee swali moja: ukiishiwa nguvu, utaishi kwa nini? Jioni ukirudi unanisimulia majibu yao. Wa Mkata wanasema wana shamba la mihogo. Wa Kwashemshi wanasema wana watoto. Na hapa kwetu, kambi ya zamani ya mkonge, kila mzee alikujibu kwamba yumo katika chama cha kuzikana.

"Mama," uliniambia, "mimi nawauliza wataishi kwa nini, wao wananiambia watazikwa na nani."

Ulicheka sana. Mimi niliinamia jiko nikasingizia moshi. Nataka leo ujue kwa nini sikucheka, kwa sababu ninachokiona katika jambo hili ni kinyaa kitupu, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni changu mwenyewe.

Babu yako Kalisto, baba yangu mzazi, alikuja hapa kutoka Songea akiwa kijana kukata mkonge. Manamba. Aliingia kambini kwa namba, akalipwa kwa namba, akikosea anaitwa ofisini kwa namba. Hayo hakuyalalamikia sana. Kilichomtisha ni kitu kimoja. Rafiki yake waliyetoka naye huko kwao alikufa kwa homa, na kwa kuwa hakuwa na ndugu karibu, shamba likamzika. Wakamfunga ndani ya gunia la katani wakamshusha. "Mkonge ule ule alioukata ndio uliomfunga," baba alikuwa akituambia. Tangu siku ile hakuogopa njaa, hakuogopa uzee, wala hakuogopa nyoka wa shambani. Aliogopa gunia.

Ndivyo walivyokuwa wote wa kambini. Wazigua na Wasambaa wana koo zao. Mtu akifa, uani kumejaa kabla maji ya kumwosha hayajapata moto. Hawa walikuwa Wangoni, Wabena, Waha, Wamakonde, Waislamu na Wakristo, kila mmoja peke yake na namba yake. Wakaunda chama. Kuna mchango wa kila mwezi, na kila mwanachama akijiweza ananunua mbao zake za mvule anazipandisha kwenye kenchi za jiko, zikaushwe na moshi ili mdudu asizile. Mkristo mbao zake ni jeneza, Mwislamu mbao zake ni za kufunikia mwanandani. Wewe umekulia chini ya mbao hizo, nami vilevile. Nyumba isiyokuwa nazo tuliihesabu ni nyumba ya mtu asiyejitambua, na watoto wake tuliwacheka njiani.

Shamba lilipofungwa, babu yako alipewa kiinua mgongo chake chote kwa mkupuo. Wiki ile ilinionyesha binadamu alivyo. Watu ambao hawakuwahi kunywa chai kwetu walikuja kumwamkia asubuhi na mapema. Mmoja ana pikipiki anauza, mwingine ana mradi wa kuku wa kisasa, mwingine ameota ndoto inayomhusu mzee. Walimzunguka kama inzi walionusa kidonda, na kila mmoja alianza na shikamoo ndefu. Baba aliwapa chai akawaaga wote. Kambi nzima ikamsifu kwa busara.

Busara yenyewe ilikuwa hii: fedha zile alizipeleka kwenye chama. Alilipa michango yake ya mbele, miaka mingi kuliko aliyodhani ataishi, na zilizobaki akanunua mbao nzuri kuliko za mtu yeyote. Mimi nilikuwa mweka hazina. Nilizipokea kwa mikono yangu na nikampigia makofi. "Baba, umefanya la maana," nilimwambia. "Akiba haiozi." Leo nikiusikia msemo huo nataka kutema mate. Kweli akiba haiozi. Anayeoza ni mwenye akiba, huku mnamtazama.

Miaka michache baadaye macho yake yakaingia ukungu. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, upasuaji mdogo, mtu anarudi nyumbani anaona. Matibabu ya wazee ni bure, walituambia, ila lenzi si bure, na nauli si bure, na kula na kulala huko si bure. Baba yako alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, wewe ulikuwa unatambaa, na mimi nilikuwa nauza mboga za Vugiri pale sokoni Korogwe, faida yote inaishia kwenye sufuria. Babu yako hakuniomba mimi. Aliona ana fedha zake.

Alikuja mkutanoni akiwa ameshika bega la jirani. Tulikuwa tunakutana kwenye ghala la zamani la singa za mkonge, lile ambalo sasa wanafugia mbuzi. Akavua kofia, akageukia ilikotoka sauti yangu.

"Mweka hazina," akasema, "mimi nimeshalipa mpaka kufa kwangu. Naomba nile kidogo katika mazishi yangu. Jeneza niachieni. Ila yule ng'ombe mtakayenichinjia, nipeni sasa nikatengeneze macho."

Watu walicheka. Walicheka kicheko kizuri cha harusini, na wala hawakuwa wabaya. Mwenyekiti alikuwa huyu huyu Mzee Salehe unayemjua, wakati huo ndevu zake bado nyeusi. Akafuta machozi ya kucheka akasema, "Mzee Kalisto, mazishi hayaliwi ukiwa hai!"

Baba alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa ananisubiri mimi. Na mimi, niliyebebwa mgongoni kwake kwenye mistari ya mkonge mama alipokuwa mgonjwa, nilifungua kijitabu cha katiba yetu nikasoma, kisha nikasema, "Mwanachama, katiba hairuhusu."

Sikusema baba. Nilisema mwanachama. Nilijiona mwanamke mwadilifu asiye na upendeleo, na watu waliniangalia kwa heshima, na ile heshima niliipenda. Baba akavaa kofia yake. "Haya, asante," akasema, akatafuta bega la jirani kwa mkono akakaa chini.

Aliishi kipofu mpaka ulipoanza shule. Wewe unakumbuka kwamba babu alikuwa mpole na alipenda kukushika uso mzima kwa viganja vyake. Ni kweli alikupenda, lakini pia hakuwa na namna nyingine ya kukujua. Kuna mengine huyakumbuki, na ni heri. Siku moja nilitoka sokoni nikamkuta jikoni anakunywa uji uliobaki asubuhi. Sisimizi walikuwa wamejaa kikombe kizima, wanatembea mpaka kwenye ndevu zake, na yeye anameza. Akanigeukia akauliza, "Leo umeweka pilipili manga?" Nikasema ndiyo, baba. Nikamnyang'anya kikombe nikaenda kumwaga nje. Niliporudi niliinua uso nikaziona zile mbao za mvule juu ya kichwa chake, kavu, safi, hakuna mdudu hata mmoja aliyezigusa. Nilisimama pale nikizitazama mpaka akaniuliza kama nimetoka.

Alipokufa, chama kilifanya kazi yake, sitakisingizia. Turubai likafungwa, mchele ukaja kwa magunia, ng'ombe akachinjwa, lori likaleta watu kutoka Handeni. Mzee Salehe akasimama akasema, "Mwenzetu amezikwa kama mtu," na watu wote wakaitikia. Nikaletewa sahani ya pilau yenye minofu minono, kama mfiwa. Niliweka tonge mdomoni, na hapo hapo nikajua ninachokula. Nilikuwa nakula macho ya baba yangu. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika mpaka nyongo. Wanawake wakaniosha uso wakisema jamani, uchungu wa mzazi. Mimi sikuwasahihisha.

Ningekuwa mwanamke wa maana, siku ile ningetoka katika chama. Mwezi uliofuata nilikuwa mezani kwangu nakusanya michango. Na nilipopata fedha kidogo kutokana na biashara ya mboga, unajua nilifanya nini? Nilinunua mbao. Nikazipandisha juu ya jiko pale pale zilipokuwa za baba. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa nyani mwenye kalamu na kijitabu. Nikijikumbuka nimesimama juu ya kigoda, nazisukuma mbao zile zikae sawa huku nikiimba, najichukia.

Kuna jambo jingine linalonikera, na hili linakuhusu wewe. Ulipozaliwa wanawake wa kambini walikuja kunipongeza. Kitovu chako hakijadondoka, mmoja akakubeba juu akasema, "Hongera, mama, umeshapata pensheni yako." Wote wakacheka na mimi nikacheka nao. Baadaye nikaona maana yake. Nimeona akina mama wanavyolea mtoto kwa jicho la mtu anayenenepesha beberu wa Idi. Nimeona jirani yetu anavyompigia mwanawe simu kila mwisho wa mwezi, hamuulizi hata kama anaumwa, mpaka mtoto akabadilisha laini. Nikaapa wewe hutakuwa pensheni ya mtu. Ndiyo maana macho yangu nilikuficha. Nilidhani ni upendo, kumbe kwa kiasi kikubwa ni kiburi, na kiburi cha maskini kina gharama kuliko cha tajiri.

Niligundua mwaka huu, sokoni. Mteja alinipa noti ya elfu mbili, nikamrudishia chenji ya elfu kumi, naye akaipokea akaenda zake. Mwenzangu wa meza ya jirani ndiye aliyeniambia. Nikaenda hospitali peke yangu, nikakuaga kwamba nafuata kabichi. Daktari, kijana wa umri wako, akaniambia maneno yale yale waliyomwambia baba: upasuaji mdogo, unarudi unaona, ila lenzi. Nikaangua kicheko. Yeye akadhani nimefurahi.

Ningeweza kukuomba. Mshahara wako wa kwanza hujauona, lakini najua ungekopa. Badala yake nikaona nitengeneze nilichokiharibu. Nikaandika pendekezo: mwanachama aliyezeeka, akiwa na shida ya mwili, aruhusiwe kuchukua sehemu ya mazishi yake akiwa hai. Macho yangu sikuyataja. Niliogopa kusikia kile kicheko nilichomwachia baba yangu akipate peke yake. Nikasimama Jumapili nikaongea kwa Kiswahili cha ofisini, kipengele hiki na kile, hata mimi mwenyewe nikajichosha.

Na Mzee Salehe, kwa mapenzi mema kabisa, akasema, "Leo tunaye msomi wetu. Mhina, mwanetu, hebu simama utusaidie hapa."

Ukasimama. Umevaa lile shati la bluu nililolipiga pasi mwenyewe. Nilikuona kwa jicho la kushoto, na pamoja na yote moyo wangu ulijaa. Ukasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mfuko huu umepigiwa hesabu ya kifo. Kifo kinakuja mara moja kwa kila mtu, unaweza kukikadiria. Lakini mtu kuishi muda mrefu, kitaalamu, ni hatari. Hujui atahitaji nini wala mpaka lini. Mkiruhusu kila mzee ale mapema, mfuko utakauka, na wa mwisho kufa atazikwa bila kitu."

Ulipotaja kuzikwa bila kitu, mkutano mzima ulishtuka. Waliliona gunia. Hujui jinsi ulivyowashika pale pabaya, mwanangu. Halafu ukaongeza kwamba kama wanataka usalama zaidi, kampuni yako ina bima ya mazishi, mtu analipia kwa simu tu, na ng'ombe ni uhakika. Walipiga makofi. Mzee mmoja kipofu, yule anayekaa karibu na kisima, alipiga makofi kuliko wote. Nilimtazama nikahisi ladha ya ile pilau imenirudia kooni.

Hesabu yako ilikuwa sahihi. Nataka nikuandikie hilo waziwazi usije ukadhani mama yako ni mjinga anayebishana na elimu. Tungekula wote mapema, mfuko ungekauka. Na mimi siku ile na kijitabu changu nilikuwa sahihi vilevile. Nenda kaisome katiba, hairuhusu. Nimeishi na usahihi wangu miaka yote hii na nakuambia hauna joto, hauna chumvi, na hautoi sisimizi kwenye kikombe cha mtu. Hicho ndicho kinachonichefua: tulikuwa sahihi wote wawili, na mzee akabaki gizani.

Sikwambii uache kazi. Kazi umeitafuta, nami nimekusomesha kwa kabichi na karoti ili uipate. Ila utakapofika huko watakusifia watu wa kwetu. Watasema hawa ni wateja wazuri, wanalipa bila kusumbua. Ni kweli. Mteja wa mazishi harudi kulalamika kwamba huduma ilikuwa mbaya. Anayeweza kurudi kulalamika ni yule aliye hai, na huyo ndiye mliyempa jina la hatari. Hatari yenyewe inaitwa fulani, ina kofia, inasubiri binti yake aseme kitu.

Na lile swali lako la utafiti si zuri sana, samahani. Ukimuuliza mzee wa kambi ataishi kwa nini, atakujibu mambo ya jeneza, maana hapo ndipo hofu yetu ilipoishia. Muulize jana alikula nini. Muulize nani alimwonyesha njia ya kwenda chooni. Ukishapata majibu hayo, kapige hesabu yake. Umesema mwenyewe hesabu ya kifo ni rahisi na ya kuishi ni ngumu. Basi ile rahisi sisi manamba tuliimaliza zamani bila kwenda shule. Wewe tulikusomesha kwa ajili ya hii ngumu.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, kabla hujakisikia barabarani. Ulipokwenda Handeni kuwaaga ndugu za baba yako, nilimwita kijana wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, akanisaidia kuzishusha mbao zangu. Zilikuwa nyeusi kwa masizi, tukatoka wote wawili kama wachoma mkaa. Tukazipeleka Mkata kwa fundi seremala. Akazigonga kwa kidole, akazinusa, akanitazama.

"Mama, hizi si mbao za mtu hizi?"

"Za mtu."

"Amekubali ziuzwe?"

"Huyo mtu ni mimi. Nipe bei."

Alisitasita, akasema mbao kama hizi zina mkosi. Nikamwambia mkosi ni kuzitazama. Mwishowe akalipa. Atazipiga randa atengeneze kitanda cha maharusi, ana oda. Nilicheka njia nzima kurudi, kijana wa kirikuu akanidhania nimerukwa na akili. Angalau zitapata joto. Fedha zimetosha lenzi ya jicho moja na nauli, na wiki ijayo nakwenda.

Kambini hakuna siri. Hata magharibi haijaingia vizuri, Mzee Salehe alikuwa ameshafika uani. Unajua desturi: anayeuza mbao zake amejitoa katika chama, na anayejitoa hapewi kitu. Hakuja kwa ubaya. Aliketi kwenye benchi, akakataa chai, akasema kwa huzuni, "Mama Mhina, umefuta jina lako mwenyewe. Umri huu! Sasa utazikwa na nani?"

Nikamwonyesha mlango wa chumba chako. Wewe ulikuwa umeweka zile waya zako masikioni.

"Na huyo?" akasema. "Huyo kesho anaondoka."

"Wote wanaondoka, mwenyekiti. Hata baba yangu aliondoka Songea."

Akaniuliza kama ni kweli wanavyosema sokoni kuhusu macho yangu. Nikamwambia ni kweli. Akachorachora chini kwa fimbo yake. Alipoondoka alisimama getini akasema bila kunigeukia, "Mzee Kalisto tulimcheka, eh?" Nikasema ndiyo, tulimcheka. Akaenda. Sijui kama kutatoka kitu hapo. Pengine hakuna, na mimi sina hamu tena ya kuwasubiri.

Kwa hiyo, Mhina, kuanzia leo sina chama, sina mbao, na siku yangu ikifika utanizika wewe au hutanizika. Usije ukahangaika na ng'ombe. Usilete turubai. Nifunge hata kwenye gunia. Baba aliliogopa gunia maisha yake yote, likamla akiwa bado anapumua. Mimi halinitishi. Wala sikuombi lenzi ya jicho la pili. Ukiileta siku moja kwa kupenda kwako sitaitupa, nimeshakueleza kiburi changu kilivyonigharimu, lakini jicho moja linatosha kupanga nyanya na kumtambua mwizi wa chenji.

Nakuomba kitu kingine. Daktari alisema upasuaji ni mdogo, lakini kisu ni kisu, na hili la kushoto nalo linafifia kila wiki. Kesho asubuhi, ukishavaa viatu vyako, usitoke kwa mlango wa mbele. Pitia jikoni. Mlango wa jikoni unaelekea jua, na pale juu sasa hakuna kitu kinachozuia mwanga. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda. Simama pale mlangoni, upande wangu wa kushoto, ushushe begi chini. Kama bado umekasirika, kasirika tu, hainidhuru. Simama kidogo nikutazame vizuri, halafu uende. Basi halitakuacha.

Mama yako